Upinde wa Ndolo na Klachi ya Kisilu

Siku ya soko pale Nuu, kabla mbuzi hawajapangwa na kabla mama wa uji hajapuliza moto wake, palikuwa na mchezo usio na kiingilio. Mwalimu Kisilu, mwalimu wa kwaya, alifika na pikipiki yake nyeusi ya Kiingereza, akaizima mbele ya maduka, akaisimamisha kwa stendi, kisha akasogea pembeni na kukunja mikono kifuani. Wanaume walijipanga wenyewe, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu waliokuja kuchanjwa.

Kila mmoja alipewa nafasi ya kubana klachi. Sharti lilikuwa moja: mkono wa kushoto peke yake, mpaka leva iguse mpini. Atakayeweza, Kisilu angempeleka mjini Mwingi bure siku yoyote anayotaka. Watu walibana mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Muktar, mfanyabiashara wa mifugo, mtu aliyeweza kumwinua ndama na kumtia ndani ya lori bila kuomba msaada, alijaribu kila soko, na kila soko alishindwa.

"Wallahi, Mwalimu," alisema huku akipangusa jasho, "hii si klachi. Hii ni adhabu."

Kisilu alitabasamu tu. Na ni kweli ilikuwa adhabu, ila aliyekuwa akiadhibiwa alikuwa bado hajajua.

Ili umwelewe Kisilu, ni lazima kwanza usikie habari ya baba yake. Ndolo alikuwa mwindaji, na upinde wake ulikuwa mgumu kiasi kwamba hakuna mwanamume mwingine Nuu nzima aliyeweza kuuvuta mpaka mwisho. Wazee walikuwa wakisimulia hivyo hata baada ya Ndolo kuzikwa, na upinde wenyewe ulikuwa umetundikwa ukutani nyumbani kwa Kisilu, mweusi kwa moshi, wageni wautazame na kutikisa vichwa. Lakini Kisilu mwenyewe alikuwa ameingia darasa la misheni akiwa mdogo, akafundishwa do, re, mi badala ya kunusa nyayo za wanyama. Hakuwahi kuua hata kwale. Nafikiri kwale wenyewe walimjua, maana hawakujisumbua kumkimbia. Sauti alikuwa nayo, ya kujaza kanisa mpaka mabati yatetemeke, lakini jioni wanaume walipoanza kusimulia mambo ya wanaume, Kisilu alitazama vidole vyake vya miguu.

Kisha mwaka wa sitini na sita Mzungu mmoja aliyekuwa akipima barabara akarudi kwao, na kabla hajaondoka akamwuzia Kisilu pikipiki yake. Klachi wakati huo ilikuwa ya kawaida, si laini na si ngumu. Mwaka uliofuata, wakipanda mlima na mkewe Syombua nyuma na gunia la kunde juu ya tangi, injini ikaanza kupiga kelele bure na gurudumu halivuti. Klachi ilikuwa inateleza. Fundi yeyote angemwambia kwamba oili imeingia kwenye pleti, afungue, aoshe, afunge. Kisilu hakuuliza fundi. Alichukua spana, akakaza springi, akakaza tena, akaongeza kidogo kwa ajili ya Mungu. Pikipiki ikapanda mlima.

Siku ya soko kijana mmoja akaomba kushika ile leva, akashindwa kuibana. Wa pili akashindwa. Mzee mmoja aliyekuwa amesimama karibu akatikisa kichwa na kusema kwa sauti ya heshima, "Mwana wa Ndolo."

Maneno hayo matatu yaliingia ndani ya Kisilu yakakaa. Hakuzilegeza springi tena. Pale penye kosa akajenga jina.

Sasa tuje kwa Syombua, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa nyuma miaka yote hiyo. Kisilu alikuwa na kwaya nne, Nuu, Mui, Ngomeni na Tseikuru, na Syombua alikuwa akienda naye kuwafundisha kina mama sauti ya pili. Klachi nzito ina tabia moja: ni vigumu kuibana, na ni vigumu zaidi kuiachia polepole. Kila mara Kisilu alipoiachia, vidole vilimponyoka na pikipiki iliruka kama punda aliyekanyaga kaa la moto. Hapo hapo Syombua alimkumbatia mumewe kiunoni kwa mikono yote miwili na kuzika paji la uso mgongoni mwake.

Kisilu alipenda jambo hilo kuliko alivyopenda sifa za soko. Siku moja alimwambia Muktar, "Ukiona mwanamke nimemwoa miaka yote hii na bado ananishika namna hii, ujue nyumbani kwangu mambo iko sawa."

Syombua alikuwa karibu, akasikia. Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani.

Shida ilianza Julai ya mwaka wa sabini na tisa, wakati ule wa baridi ambapo jua la Nuu huamka limechelewa na ukungu hukaa mlimani mpaka saa nne. Mkono wa kushoto wa Kisilu ukaanza kumsumbua. Kwanza ni maumivu ya kifundo, halafu ganzi ya vidole, halafu asubuhi moja akaona anaiambia leva ije na leva haiji. Aliutia mkono kwenye maji ya moto, akaukanda kwa mafuta ya mbarika, akauficha. Ndiyo, akauficha. Mwanamume aliyejulikana kwa mkono angewaambiaje watu kwamba mkono umekwisha?

Na wakati ulikuwa mbaya. Mwezi wa nane kwaya zake nne zilikuwa ziimbe pamoja kwa mara ya kwanza, kwenye mkutano mkubwa wa makanisa kule Tseikuru. Kila kwaya ilijua sehemu yake. Aliyezijua zote ni yeye. Kama hangeweza kuendesha mpaka Ngomeni na Tseikuru, mkutano ungefika na wale watu wangeimba kila mmoja kivyake kama mbuzi wa mazizi manne. Na pikipiki ikiuzwa, ingekuwa ndio mwisho wa safari zake na Syombua. Angebaki mzee wa Nuu mwenye sauti kubwa na kwaya moja. Wazo hilo lilimnyima usingizi.

Basi akatafuta ujanja. Alijua kubadilisha gia bila klachi, kwa kusikiliza injini tu, na sikio alikuwa nalo. Kuondoka aliweza, akianzia kwenye mteremko. Kilichomshinda ni kusimama na kuondoka tena. Kwa hiyo akaacha kusimama.

Msomaji wa mjini anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Mtu ukikutana naye njiani unasimama, unamuuliza habari ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua kama ipo na kama haipo, naye anakuuliza, ndipo kila mmoja anakwenda zake. Kisilu akawa anapita akipiga honi na kupaza sauti, "Hamjambo huko! Mungu awabariki!" na anayesalimiwa anabaki na mdomo wazi na vumbi ndani yake.

"Mwalimu siku hizi ana haraka ya nini?" watu waliulizana.

"Amekuwa mkubwa. Hata salamu anatutupia kama chumvi."

Hayo alimeza. Lakini likaja la mama mkwe.

Mama yake Syombua aliitwa Syokau, mjane, mwembamba, mwenye ulimi unaoweza kunyoa. Na kwa Wakamba mtu na mama mkwe wake wana kitu kinaitwa nthoni, yaani haya na heshima pamoja. Huketi naye uso kwa uso, huli mbele yake, na ukimwona anakuja njiani unatoka njia, unaingia vichakani, unageuza uso mpaka apite. Kisilu alikuwa mtu wa kanisa, lakini kanisa halikumkataza heshima. Tangu amwoe Syombua, akimwona Syokau kwa mbali alikuwa akiizima pikipiki, anaisukuma pembeni na kuangalia miti kama mtu anayehesabu matawi.

Siku hiyo alikuwa peke yake, akishuka kwenda mtoni, kwenye mteremko wa mchanga uliolegea. Akakata kona. Mbele yake, katikati ya njia nyembamba, Syokau anapanda na mtungi wa maji mgongoni, mkanda umepita kichwani. Kisilu akabana klachi. Vidole havikuja. Akabana tena, ilikuwa kama kumpa amri mtoto wa jirani. Akikanyaga breki ghafla kwenye mchanga ule, ataanguka, tena ataanguka miguuni pa mama mkwe, suruali juu na kichwa chini. Aliliona jambo hilo lote kwa kufumba na kufumbua, akachagua kupita.

Akapita. Tena kwa kelele. Syokau aliruka pembeni kwa wepesi ambao watu wa umri wake hawana, mkanda ukateleza, mtungi ukavunjika, na vumbi likamfunika yeye na maji yake.

Jioni hiyo Syombua alikuwa amesimama mlangoni kabla Kisilu hajashuka.

"Baba Nzilani. Umepita mama yangu?"

"Mama Nzilani, ngoja kwanza..."

"Umepita mama yangu kama mbwa wa njiani? Mama yangu?"

Kisilu akakaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa uani. Akautazama mkono wake wa kushoto. Hatimaye akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna kwaya iliyowahi kuisikia, "Mkono umekataa."

"Najua."

"Unajua? Tangu lini?"

"Tangu uanze kutoka nje na kifungo cha shati haijafungwa, mkono wa kulia. Ile inafungwa na mkono wa kushoto."

"Na mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja wewe useme. Mkono ni wako." Hasira ilikuwa imeanza kumtoka, lakini haikuwa imekwisha. "Jumamosi tunaenda kwa mama. Na hutaenda mikono mitupu."

Jumamosi wakaenda kwa miguu, Kisilu akivuta mbuzi jike mwenye mabaka, ambaye alivutana naye njia nzima kana kwamba na yeye ana nthoni na huyo mama. Walipofika, Kisilu aliwekewa kigoda nje, ubavuni mwa nyumba. Syokau alikaa ndani, nyuma ya ukuta. Syombua alisimama mlangoni, kati yao, kwa sababu hivyo ndivyo mambo hayo hufanywa: kila mmoja anasikia kila kitu na hakuna anayemjibu mwenziwe.

"Mwambie mume wako," alisema Syokau, "vumbi yake nilikula, nikashiba."

Syombua akageuka. "Mama anasema vumbi yako..."

"Nimesikia."

"Hujasikia mpaka nikuambie. Anasema vumbi yako alikula akashiba."

"Mwambie mama naomba anisamehe. Sikumpita kwa dharau. Nimeleta mbuzi."

"Mama, anasema..."

"Mbuzi sitaki," sauti ikatoka ndani. "Mbuzi ninao. Mwambie nataka kujua. Mtu ananitoroka kwa kichaka miaka yote hii mpaka nikafikiri nina ukoma, halafu siku moja anataka kuniua. Kitu gani imebadilika?"

Kuku wakapita. Mbuzi akala ukingo wa kigoda. Mwishowe Kisilu akaeleza: klachi, vidole, mteremko, breki. Alieleza kwa ufupi, lakini Syombua aliporudia pale mlangoni aliongeza habari ya maji ya moto, ya mafuta ya mbarika, ya kifungo cha shati, na ya soko na wanaume na mstari wao, mpaka Kisilu akatamani ardhi ipasuke.

Halafu kutoka ndani ikaja sauti ambayo hakuitegemea. Syokau alikuwa anacheka.

"Muulize mume wako kama anajua upinde wa baba yake."

"Ule uko kwa ukuta yake, Mama. Kila mtu anajua."

"Ule wa ukuta, ndio. Mimi namuuliza juu ya ule mwingine."

Kisilu aliinua kichwa. Hakungoja Syombua amrudilie maneno.

"Marehemu mume wangu ndiye alikuwa anawinda na Ndolo," Syokau aliendelea. "Walikuwa kama jino na ufizi. Mkono wa Ndolo ulichoka kabla nywele yake haijakuwa nyeupe. Akachonga upinde mwepesi, wa kuvuta bila taabu, akauficha kwa ghala yetu. Hapa, nyuma ya hii nyumba. Asubuhi anatoka kwake na ule mzito, watu wamwone, anakuja hapa anaubadilisha, jioni anaurudia. Miaka mingi. Nyama yote mlikula wakati huo, nyinyi watoto wake, ilitoka kwa ule mwepesi. Na nyama haikuuliza."

Syombua alikuwa ameziba mdomo kwa leso. Safari hii hakurudia kitu.

Kisilu alikaa akitazama ile ghala, ambayo sasa ilikuwa imeinama upande mmoja na kuku walilala ndani yake. Alijisikia kama mtu aliyebeba gunia safari nzima, akaambiwa mwishoni kwamba ndani ni mawe. Alisikitika, sitaficha. Alimsikitikia pia baba yake, akitembea kila asubuhi na mzigo wa bure mpaka kwa rafiki. Kisha kitu kikalegea kifuani mwake, akaanza kucheka, na kwa kuwa sauti yake ilikuwa kubwa, ndani Syokau naye akacheka tena, na kwa muda huo wakawa wamecheka pamoja, jambo ambalo sijui kama nthoni inaruhusu.

"Mwambie aende kwa fundi," Syokau akasema. "Na huyo mbuzi asirudi naye. Amechoka na njia."

Fundi alikuwa Kivuva, aliyekuwa na karakana ya mabati karibu na kinu cha unga kule Mwingi. Kisilu alimpelekea pikipiki Jumatatu bila kusimama hata mara moja. Kivuva alifungua mfuniko wa klachi, akatoa pleti, zilikuwa zinang'aa kwa oili kama chapati za harusi.

"Mwalimu, nani alikaza hizi springi?"

"Endelea tu na kazi, Kivuva."

Aliziosha pleti kwa petroli, akazisugua, akazianika juani. Akazirudisha na kuzilegeza springi moja baada ya nyingine, kidogo kidogo, akibana na kuangalia kama pleti inainuka sawa pande zote. Kisha akachomoa waya wa klachi. Ulikuwa mkavu, una kutu, nyuzi kadhaa zimekatika, na pale karibu na tangi ulikuwa umekunjwa kama goti la mbuzi. Akaleta mpya. Alitengeneza mrija wa karatasi, akatia oili juu tone kwa tone mpaka ikachungulia chini, halafu akaupitisha waya kwa mzunguko mpana, usikunjwe popote. Mwisho akachomelea kipande cha chuma kwenye mkono mdogo wa chuma ulio chini kwenye gia, ule unaovutwa na waya, ukawa mrefu kidogo.

"Huu ukiwa mfupi, wewe ndio unabeba mzigo," akasema. "Ukiwa mrefu unakusaidia. Lakini ukizidi, klachi haifunguki yote. Kati kwa kati."

Kisilu akabana. Leva ikaja kwa vidole viwili. Akaiachia, ikarudi polepole, kwa utii. Akabana tena, na tena, kama mtoto aliyepewa kengele.

"Ni hivi tu?"

"Ni hivi tu, Mwalimu."

Kivuva alipangusa mikono, akamtazama kwa jicho la pembeni. Na yeye alikuwa amewahi kusimama kwenye ule mstari wa soko. "Sasa, wale watu wa Nuu... Nikitaka naweza kukukazia kidogo. Si kama zamani. Kidogo tu, isikuumize, na wao wasiweze."

Naomba msimlaumu Kisilu kwa kuibana leva mara mbili tatu kabla ya kujibu. Ni jina la miaka mingi alilokuwa amelishika mkononi. Alifikiria lile soko, wanaume wamejipanga, na maneno yale matatu. Akafikiria ghala iliyoinama.

"Acha hivyo hivyo," akasema.

Siku ya soko ilipofika, Muktar ndiye alikuwa wa kwanza kama kawaida. Alitema mate kwenye kiganja, akapanua miguu, akavuta pumzi, akabana kwa nguvu zote za kumwinua ndama. Leva iliruka ikagonga mpini, naye akapepesuka nusura aangukie tangi. Halafu akapiga yowe lililowatawanya mbuzi wake mwenyewe.

"Nimeshinda! Mwalimu, nimeshinda! Unanipeleka Mwingi!"

Wa pili naye akashinda. Wa tatu. Mama wa uji akaja na mwiko mkononi, akabana, akasema na yeye apelekwe Mwingi, ana dada yake huko. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na Kisilu akaona ni heri alimalize.

"Mkono wangu umezeeka," akasema kwa sauti ya kanisani, wote wasikie. "Ulikuwa unauma, na nilikuwa nawapita njiani bila salamu kwa sababu siwezi kusimama. Haikuwa kiburi. Nimeilegeza klachi. Sasa nitasimama."

Wengi walimpigia makofi, wengine wakaja kumshika mkono ule wa kushoto na kuugeuzageuza kana kwamba unauzwa. Lakini yule mzee wa zamani, yule aliyelitoa lile jina, alikuwa palepale karibu na nguzo. Akatikisa kichwa. "Mwana wa Ndolo," akasema, na safari hii hapakuwa na heshima ndani yake.

Iliuma. Kisilu alikuwa na jibu tayari mdomoni, tena jibu ambalo lingemnyamazisha mzee huyo mpaka kaburini. Akalirudisha. Siri ile ilikuwa ya baba yake, na baba yake hakuwa pale kutoa ruhusa. Alikwenda akanunua uji, akamnunulia na mzee kikombe, wakanywa wakizungumza juu ya mvua.

Habari za mkutano nitazimaliza haraka, kwa sababu si zilizonileta. Kwaya nne ziliimba, na waliokuwepo wanasema wimbo ulipofika kwenye sauti ya pili ya kina mama, wafugaji waliokuwa wakipita na ngamia wao walisimama kusikiliza. Nilichotaka kusimulia ni safari ya kwenda.

Waliondoka Nuu asubuhi, ukungu umeshapanda. Syombua alipanda nyuma na furushi la vitabu vya nyimbo. Kisilu akapiga kiki, akabana kwa vidole viwili, akatia gia, akaachia. Pikipiki iliondoka taratibu, bila kuruka, kama mlezi anayeinuka asimwamshe mtoto. Kisilu akangoja. Mikono haikuja.

Akaendelea kungoja. Alibadilisha gia ya pili, ya tatu, zikaingia kama siagi. Alitazama kwenye kioo: Syombua ameketi wima, mikono juu ya furushi, anaangalia mashamba ya watu na kusoma hali ya mbaazi. Baridi ilimwingia Kisilu mgongoni, pale mahali ambapo pamekuwa na joto tangu mwaka wa sitini na saba. Alianza kuhesabu alikopita bila kushikwa, nyumba kwa nyumba, mlima kwa mlima, na kadiri alivyohesabu ndivyo uso ulivyozidi kumshuka.

Walisimama mara nyingi kusalimia, maana alikuwa na deni la salamu njia nzima. Kwenye kituo kimoja, watu wakishaondoka, akashindwa kuvumilia.

"Mama Nzilani, mbona hunishiki?"

"Nikushike kwa nini? Siku hizi hairuki. Sianguki."

"Kumbe ulikuwa unanishika usianguke?"

Syombua akamtazama. "Wewe ulifikiri nini?"

Syombua akauona uso wa mumewe, akakumbuka yale maneno aliyomwambia Muktar sokoni, na yote mengine aliyokuwa akijigamba nayo, na kicheko kikamshika mpaka akaweka furushi chini na kuegemea madigadi ya gurudumu la nyuma. "Baba Nzilani," akasema huku akifuta machozi. "Haki ya Mungu. Miaka yote hiyo mimi naomba nisife, na wewe huko mbele unafurahi!"

Kisilu naye akacheka, kwa sababu ilibidi. Lakini alipopiga kiki tena alikuwa mtu aliyepoteza kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, na hasara ya namna hiyo haina wa kuililia.

Walipita Ngomeni. Baada ya hapo barabara inanyooka na ardhi inakuwa tambarare, mchanga umeshikana, hakuna shimo wala jiwe, na pikipiki ilikuwa ikienda bila mtikisiko. Ungeweza kuweka mtungi wa maji juu ya kiti na usimwagike. Hapo ndipo Kisilu aliposikia furushi likisogezwa. Mkono mmoja ukapita kiunoni mwake. Ukatulia. Wa pili ukafuata, vidole vikafungana tumboni, na baada ya kitambo paji la uso likaja likalala mgongoni, palepale pake.

Hakuna kilichokuwa kimeruka.

Kisilu alibana klachi kwa vidole viwili, akashusha gia, ili Tseikuru iwe mbali kidogo zaidi.